Matete na mabaki ya antibiotiki, Pemba: vitanda viwili vimeshajazwa maji

Tunajaribu kama matete yanaweza kuondoa mabaki ya dawa za antibiotiki kwenye maji. Kila kitanda kina urefu wa mita 2 na upana wa mita 1, kimetandikwa nailoni nzito na kujazwa kokoto. Maji yanafika kimo cha sentimita 50. Kimoja kimepandwa matete, cha pili ni kokoto tupu. Hicho kitupu msikidharau. Bila hicho, kila kitakachopungua tutawapa sifa matete, kumbe kazi kubwa huenda imefanywa na ute wa bakteria kwenye kokoto.

Gugu maji tumelikataa. Linasafisha, lakini Ziwa Viktoria tumeona linavyoenea. Kipande kikisombwa na mvua hadi kwenye bonde la mpunga, kulitoa ni kazi ya miaka.

Nafasi kati ya kokoto ni kama asilimia 40, kwa hiyo kitanda kinabeba lita 400. Tukiingiza lita 100 kwa siku, maji yatakaa siku 4. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Kuihakiki, koroga gramu 200 za chumvi kwenye ndoo mbili za lita 20, mimina polepole mdomoni mwa kitanda, kisha pima upitishaji umeme wa maji (chumvi huupandisha) kwenye mfereji wa kutokea kila baada ya saa chache. Chumvi ikitokeza kwa wingi mapema, siku ya kwanza, maji yamepata njia ya mkato. Mara nyingi ni pembeni, nailoni ilipokunjamana. Usizidishe chumvi: maji mazito huzama chini na kukupa jibu la uongo.

Sasa penye mtego. Usilinganishe kiwango cha dawa kwa lita peke yake. Wakati wa kaskazi, jua na matete vikipoteza milimita 10 kwa siku, kitanda kimepungukiwa lita 20. Zimeingia lita 100 zenye mikrogramu 10 kwa lita, zimetoka lita 80 zenye mikrogramu 8. Kwa haraka utasema imeondoka asilimia 20. Piga hesabu ya uzito: imeingia 1000, imetoka 640, yaani imeondoka asilimia 36. Masika hugeuza mambo: mvua ya milimita 50 inaongeza lita 100, na dawa itaonekana imepungua nusu hali haijaguswa. Kwa hiyo tunapima ujazo wa kuingia na wa kutoka kila siku, na kopo la mvua liko kando ya kitanda.

Antibiotiki zenyewe hazifanani. Amoksisilini huvunjika upesi yenyewe, haithibitishi chochote. Siprofloksasini hunata kwenye matope na ute, hivyo wiki za mwanzo matokeo hupendeza, kisha sehemu za kunatia hujaa. Salfamethoksazoli hainati sana, hubaki majini. Hiyo ndiyo tunayoiamini kama kipimo cha kitanda.

Sampuli ziwekwe kwenye chupa za kahawia, moja kwa moja ndani ya deli la barafu, maana mwanga huvunja siprofloksasini. Maji yenye klorini yasiingie kabisa. Huua bakteria wa mizizini.

Matete yatakayokatwa hayaendi kwa mbuzi wala kwenye mbolea. Maji yanayotoka hayamwagiliwi mchicha: dawa ikipungua, bakteria sugu bado wanaweza kuwemo.

Sampuli za kwanza zitachukuliwa mizizi ikifika chini ya kokoto, vitanda vyote viwili siku moja.