Mbio fupi za skii za wanawake: tazameni kilima cha mwisho

Wapenzi wa riadha hapa Mwanza, hasa kina dada wa Kirumba mnaokimbia, mkiona mbio fupi za skii (mbao ndefu nyembamba za kutelezea juu ya theluji, zinazofungwa kwenye viatu) kwenye runinga msitegemee mita 100. Njia ni kati ya kilomita 1 na 1.8, kama dakika tatu za kupanda na kushuka, na anayefika fainali huirudia mara nne siku hiyohiyo.

Kwenye mchujo kila mmoja huanza peke yake, wakipishana sekunde 15. Wenye muda bora 30 huingia robo fainali tano za watu sita sita. Wawili wa kwanza wa kila kundi hupita kwenda nusu fainali. Nafasi mbili zilizobaki huchukuliwa na wenye muda mzuri zaidi kati ya waliokosa. Kwa hiyo kundi lenye kasi humfaa hata wa tatu. Waliopangwa kwenye makundi ya mapema hupumzika zaidi kabla ya raundi inayofuata, na hiyo ni faida kubwa mno.

Kilimani ndiko wengi huishia. Aliyetumia nguvu zote mapema miguu humgomea, fimbo hazisukumi. Kwenye mtindo wa klasiki, ambapo skii huenda sambamba zikielekea mbele, kuna pia nta ya kushika, inayopakwa katikati ya skii, chini ya mguu. Ikipungua, skii inateleza kurudi nyuma. Ikizidi, theluji inagandia.

Jonna Sundling wa Sweden, bingwa wa Olimpiki ya Beijing 2022 kwa mtindo huru (wa kusukuma skii kwa pembeni), mtazameni anavyopanda. Ufundi mtupu!

Mstarini huhesabiwa ncha ya kiatu, ndiyo maana wanarusha mguu mmoja mbele.