Muda wa ziada haushushi kiwango

Wazazi wengi hapa Dodoma huanza kuhangaika kumwombea mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika, muda wa ziada mwezi wenyewe wa mtihani wa Darasa la Saba. Wamechelewa: taarifa za mahitaji maalumu huingizwa wakati wa usajili. Anza na mwalimu mkuu, kisha afisa elimu maalumu wa halmashauri, ukibeba madaftari ya mtoto na majibu ya kupimwa macho na masikio.

Kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, Baraza la Mitihani huelekeza nyongeza ya dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati, na 10 kwa masomo mengine. Hisabati ya saa moja na nusu inakuwa ya saa mbili. Maswali ni yaleyale.

Kumsomea mtoto kila kitu sikubaliani nako. Swali la Sayansi likisomwa kwa sauti, bado unapima Sayansi. Kifungu cha ufahamu kikisomwa, hupimi kusoma tena.

Halafu, mtoto mwenye disleksia asiyezoeshwa muda wa ziada hukimbilia kumaliza na wenzake, dakika zake zikapotea bure. Azoeshwe tangu majaribio ya Darasa la Tano: asome swali moja, mengine ayafunike kwa karatasi.