Maria Callas, mwalimu wa sauti
Nikimsikiliza Maria Callas, mwimbaji wa opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) aliyezaliwa New York mwaka 1923, huvutiwa na ualimu wake kuliko umaarufu wake. Huko Athens alifundishwa na mwimbaji Elvira de Hidalgo, na Callas alikuwa akibaki darasani kutwa kuwasikiliza wanafunzi wengine. Nadhani hapo ndipo alipojifunza kufundisha. Mwaka 1949, mjini Venice, aliimba opera za watunzi Wagner na Bellini, zinazodai sauti za aina tofauti kabisa, katika muda wa siku chache. Alipowafundisha vijana katika shule ya muziki ya Juilliard, New York, mwaka 1971 na 1972, aliwakatiza, akawaimbia mwenyewe kifungu kilekile, na kusisitiza kwamba maneno yatamkwe waziwazi na yaimbwe kwa kufuata maana yake, sharti ambalo kwangu ni gumu kuliko noti yoyote ya juu.