Siku moja na make: haijui usichoiambia

Saa 2:30 asubuhi. Mwendokasi hadi Morocco, bajaji hadi ofisini Kijitonyama. Kabla ya chai naandika `git pull` kuvuta mabadiliko ya wenzangu, kisha `make`, chombo kinachojenga programu kutoka kwenye msimbo. Programu yetu ni ya C, inasoma mita za maji. make inalinganisha muda wa kila faili ya msimbo na muda wa faili iliyotokana nayo; iliyobadilika inajengwa upya, nyingine haiguswi. Sekunde chache, basi.

Saa 3:15. Kijana wa field ananiita. "Dada, nimeandika `make majaribio`, inaniambia tayari, lakini hakuna jaribio lililofanyika."

Kuna folda inaitwa majaribio. Kwa make, kila lengo (kile unachoiomba itengeneze) ni jina la faili mpaka uiambie vinginevyo. Imeikuta folda, imeridhika. Dawa ni mstari mmoja kwenye Makefile, faili ya maagizo ya make: `.PHONY: majaribio`, yaani hili si jina la faili. Ameuandika, akaongeza amri yake chini, sasa inalalamika kwamba kitenganishi hakipo. Ameanza mstari wa amri kwa nafasi badala ya Tab. Sheria hiyo inaudhi tangu 1976, Stuart Feldman alipoiandika make pale Bell Labs. Mwenyewe alisimulia kwamba wiki chache baadaye alikuwa na watumiaji kama kumi na wawili hivi, wengi marafiki zake, akaona haya kuwavurugia kwa kuibadilisha. Hisani kwa marafiki, na sisi wengine wote tunailipia hadi leo!

Saa 6 mchana. Intaneti imekata. Upande wa Android hatusimami: `./gradlew assembleDebug --offline`, Gradle, chombo cha kujenga programu za Android, inatumia laibrari zilizokwisha kupakuliwa. Ukiongeza mpya, hapo imekula kwako.

Saa 8. Kazi ya siku ndiyo hii. Mwenzetu amebadilisha ukubwa wa struct (kifurushi cha data) ndani ya faili ya .h, ambayo faili nyingi za .c huitumia kwa pamoja; programu ikajengwa bila kulalamika, halafu ikasoma mita vibaya. "Piga `make clean` tu, ifute vilivyojengwa, tuendelee," anasema. Inaponya kweli, na ndiyo maana siipendi: ugonjwa unabaki palepale. Makefile yetu haikutaja kwamba faili za .c zinaitegemea .h hiyo, kwa hiyo nusu ilijengwa upya na nusu ikabaki na ukubwa wa zamani.

Kuziorodhesha kwa mkono ni kujitesa. Nimeongeza `-MMD -MP` kwenye CFLAGS, yaani maagizo anayopewa mkusanyaji wa C, gcc. Kila gcc inapokusanya faili, inaandika pembeni faili ndogo ya .d yenye orodha ya .h zilizohusika. Mwisho wa Makefile nimeiambia make izisome: `-include $(OBJS:.o=.d)`. Nimejenga kila kitu upya mara moja ili .d zipatikane, nikaigusa ile .h kwa `touch`, nikaandika `make -n`, ambayo inaonyesha amri bila kuzitekeleza. Zote zinazohusika zimejitokeza.

Saa 11 jioni. Mwenzetu sasa anataka tuhamie CMake, chombo kinachokuandikia maagizo ya kujenga. Nimemkumbusha kwamba kwenye Linux, CMake usipoichagulia kingine, inakuandikia Makefile hizohizo. Hajakubali. Tutabishana Ijumaa.