Hizi a zote mama yao mmoja?

Tangu juzi sauti ya Ami Salim haijanitoka masikioni. Nikichemsha chai ipo, nikipanda tuktuk ipo.

Ile kazi ya Bi Mwanaisha wa Bondeni, kumtengenezea kibao cha "Mahamri na Mbaazi", nimeimaliza. Nilichagua fonti nene ya mlazo, iliyochorwa kwa brashi, ile yenye mikwaruzo ya brashi iliyoanza kuishiwa rangi. Wallahi kilipendeza. Bi Mwanaisha kapiga kigelegele pale pale Mwembe Tayari, nje ya duka la kuprinti. Ndipo Ami akatokea, yuwaenda zake msikitini.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba." Kasimama, kaegemea bakora. "Nani kaandika?"

"Mimi."

"Kwa mkono?"

"Kwa kompyuta, Ami. Lakini herufi zenyewe zimechorwa kwa mkono."

Katazama, katazama. "Hizi a zote mama yao mmoja?" Akaenda zake.

Alicheka au hakucheka? Hilo ndilo linaloniudhi. Nikimkumbuka asubuhi namwona anacheka, usiku namwona kanuna. Wiki hii nyumba ya bibi ya Kibokoni imeuzwa na Swaleh kaanza kazi bandarini, na mimi niko na a tu.

Nilirudi kukitazama kile kibao. Kila a ina mkwaruzo mweupe tumboni, unaanzia kushoto na kukatikia pale pale. Ziko tano. Kwenye "Mbaazi" mbili zimekaa bega kwa bega, pacha watupu, hata kovu wameshirikiana. Ami kaandika vibao vya maduka tangu sijazaliwa, na naijua brashi yake: ikitoka kwenye kopo, a ya kwanza huwa nono, ya pili hupungua, ya tatu inaonyesha mbao chini yake, mpaka achovye tena. Mkono hauwezi kukwaruza vilevile mara tano.

Mikwaruzo ndiyo inayoumbua. Robert E. Smith alipochora fonti ya Brush Script kwa kampuni ya herufi ya American Type Founders mwaka 1942, herufi zake zilikuwa laini ukingoni. A zikifanana, nani atashtuka? Lakini ukijigamba kwa makovu ya brashi, watu watayasoma.

Nikaifungua fonti yenyewe. Fonti za aina hii huja na maumbo ya akiba, ili herufi ikijirudia programu ibadilishe sura. Kweli yalikuwemo: e mbili, l mbili, o mbili, t mbili. A mbili hakuna! Aliyeichora alikuwa akiwaza coffee na grill; mbaazi hazikumpitia kichwani. Hapo nikacheka peke yangu, hasira zikaniisha, maana kama kuna herufi Kiswahili hakiiachi ipumzike ni hiyo.

Jana usiku nikayageuza maandishi kuwa michoro, nikaanza kuzitenganisha zile ndugu. Ukivuta karibu, kila mkwaruzo ni rundo la vinukta, kompyuta inahema. A ya kwanza nikaizibia matundu ikanenepa. Ya pili nikaigusa kidogo. Ya "na" nikaifuta mkia. Zile pacha mmoja nimempasua ubavuni, mwenziwe nimemwacha mzima, kana kwamba brashi imechovywa katikati. Sijui saa zilikwenda wapi. Sijafurahia kazi hivi tangu mwaka jana.

Bi Mwanaisha hataki kusikia. "Mwanangu, watu waja kula, hawaji kusoma a." Kibao kimeshagongwa misumari. Sawa. Mchoro mpya nimeuprinti kwenye karatasi, upo kwenye begi, na Ijumaa nitapita kwa Ami, na safari hii nitamtazama mdomo.

Ila Ummi hali chakula cha usiku siku hizi. Anasema kashiba. Kashiba nini, na sufuria naliona halijaguswa? Kesho nataka nimpeleke akapimwe presha, kama atakubali kutoka.