Nilivyochagua madirisha na milango ya nyumba yangu Kigamboni

Watu wengi ninaowaona wakijenga Dar huanza kufikiria madirisha baada ya kupaua, wakati hela imeshaisha na mwenye nyumba wanayokaa ameshaanza kudai kodi ya miezi sita. Mimi niliamua mapema, boma likiwa kozi ya nne ya matofali. Lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya madirisha, ikishamwagwa, dirisha linabaki pale lilipo, na kulihamisha maana yake ni kuvunja ukuta uliokwisha kulipiwa. Sikuanza na swali la alumini au mbao. Nilitaka kwanza kujua upepo utaingilia wapi na utatokea wapi.

Pwani yetu ina pepo mbili za msimu. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia kama Aprili hadi Septemba au Oktoba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, Desemba mpaka Machi. Ukiziangalia vizuri, zote mbili zina mashariki ndani yake, na hata upepo wa bahari wa mchana Dar es Salaam unatoka upande huohuo. Joto letu kali ni la miezi ya kaskazi. Kwa hiyo kwangu ilikuwa wazi kwamba ukuta wa mashariki na wa kaskazini lazima upumue, na kila chumba cha kulala kiwe na uwazi wa pili kwenye ukuta mwingine. Dirisha moja, hata liwe kubwa namna gani, upepo unaligonga na kugeuka kwa sababu hauna pa kutokea.

Ramani niliyochorewa ilikuwa na mawazo mengine. Barabara iko magharibi mwa kiwanja, basi madirisha makubwa yote yalitazama magharibi ili nyumba ipendeze kwa mpita njia. Chumba cha mama yangu kilikuwa na dirisha moja la futi sita, upande huo wa jua la jioni. Nilipomwambia fundi tulipunguze, alisimama na mwiko mkononi akaniangalia kwa huruma.

"Mama, dirisha la mbele ndilo uso wa nyumba. Ukiliziba watu watasema umejenga stoo."

"Watu hawalali mle ndani, fundi. Anayelala ni bibi yako."

Alicheka, lakini hakukubali haraka. Nikamwomba aje jioni saa kumi, tusimame ndani ya boma pale chumba kilipo. Jua lilikuwa linaingia mpaka ukuta wa pili. Tukakubaliana: magharibi pabaki uwazi mdogo, juu, chini tu ya lenta, wa kutoa hewa ya moto. Dirisha kubwa likahamia kaskazini.

Hapa kuna hesabu ndogo ambayo naona inafaa kila anayejenga Pwani aijue. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua la mchana linapita upande wa kaskazini, likiwa nyuzi kama 60 kutoka usawa wa ardhi. Desemba linapita kusini, juu zaidi, kama nyuzi 73. Maana yake paa lililotokeza sentimita 60 nje ya ukuta linatupa kivuli cha mita moja hivi kwenye ukuta wa kaskazini siku ya Juni, na karibu mita mbili kwenye ukuta wa kusini siku ya Desemba. Kuta hizo mbili paa linazilinda lenyewe. Mashariki na magharibi jua linakuja likiwa chini, linapita chini ya paa na kuingia ndani bila hodi, na pazia haliondoi joto ambalo limeshavuka kioo. Jua la asubuhi nililivumilia kwa ajili ya upepo. La jioni sikuona sababu ya kulivumilia.

Vipimo nilifanya vitatu tu nyumba nzima: futi tano kwa tano, futi tatu kwa nne, na futi mbili kwa mbili za vyoo na za matundu ya juu. Fundi wa grili, wa vioo na wa nyavu wote wakafanya kazi kwa vipimo hivyo, na kioo kikivunjika leo najua saizi bila kupanda ngazi.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kwa watu wa alumini. Kila karakana niliyoingia iliniambia jambo moja: "Weka slaidi nyumba nzima, dada, ndiyo fasheni." Slaidi, yaani dirisha la kusukuma pembeni, ni nzuri. Haipigwi na upepo, haigongani na pazia, grili inakaa nyuma yake bila shida. Lakini inafunguka nusu. Dirisha la futi tano ukilisukuma lote, unapata uwazi wa futi mbili na nusu, halafu wavu wa mbu unapunguza hewa tena. Ndiyo maana unaingia kwenye nyumba mpya yenye madirisha makubwa ya kuvutia na kukuta feni inazunguka mchana kutwa.

Kwa hiyo niliyagawa. Sebuleni, ambako kuna madirisha matatu, niliweka slaidi. Vyumba vya kulala niliweka alumini ya kufungua nje kwa bawaba, inayoachia uwazi wote. Usumbufu wake upo: kutoka ndani kuna wavu, kisha grili, kisha kioo, kwa hiyo wavu lazima uwe na fremu yake inayofunguka, na nondo za grili ziache nafasi ya mkono kufikia komeo. Sisi tunayafungua asubuhi na hayaguswi mpaka mvua ije, kwa hiyo sioni tabu. Jikoni na vyooni niliweka luva, vile vipande vya vioo vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, za kizamani ambazo vijana wanazicheka. Luva hupitisha hewa hata mvua ya wima ikinyesha, na mvuke wa jikoni unatoka wenyewe. Udhaifu wake ni kwamba vioo vyake huchomolewa kimoja kimoja na mwenye nia mbaya, na vumbi linapita hata zikifungwa. Mbele ya luva grili haina mjadala.

Kuhusu alumini yenyewe, usikubali bei ya "dirisha moja" bila maelezo. Nilimwandikia fundi kwenye karatasi: unene wa profaili (vipande vya alumini vinavyounda fremu), unene wa kioo, aina ya rola, wavu wa nini, na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Hilo la skrubu alilishangaa kidogo, lakini kwetu chumvi ya bahari iko hewani, na skrubu ya chuma cha kawaida ikigusana na alumini penye unyevu wa chumvi hula alumini pale inapogusa. Nikaomba pia reli ya chini ya slaidi iwe na matundu ya kutoa maji nje. Bila matundu hayo, mvua ya masika ikija na upepo, reli inajaa na maji yanamwagikia ndani, halafu watu wanalaumu silikoni ya kuzibia. Alikuja kupima baada ya plasta, akapima kila uwazi pembe kwa pembe, na hapo nikajua nimepata mtu. Anayepima upana na urefu peke yake atakuletea dirisha lililonyooka kwenye uwazi uliopinda.

Kioo nilichukua cheupe cha milimita 5. Vile vya kuakisi, vinavyong'aa kama miwani, nilivikataa. Mchana vinamficha wa ndani kwa sababu nje kuna mwanga mwingi kuliko ndani. Usiku ukiwasha taa mambo yanageuka: wewe huoni nje, wa nje anakuona vizuri ukila ugali. Pazia utanunua tu.

Grili zilichomelewa kabla ya plasta, miguu yake ikazikwa ukutani. Nondo mraba za milimita 12, zisizo na tundu ndani, maua machache. Kutu ya Kigamboni huanza kwenye maungio, pale moto wa kuchomelea ulipopita, kwa hiyo nilimtaka fundi asage kila ungio na kupaka redi oksaidi, dawa ya kuzuia kutu, nikiwepo, kabla ya rangi yoyote. Na kila chumba cha kulala kina grili moja inayofunguka kwa ndani kwa kufuli. Ufunguo unaning'inia ukutani, mbali na mkono wa mtu aliye nje, karibu na mkono wa aliye kitandani. Jirani aliniuliza kama sioni nimewarahisishia wezi. Nikamuuliza moto ukianzia koridoni watoto wake watatokea wapi. Hatukuendelea.

Milango nayo ilikuwa na siasa zake. Kwa mlango mkubwa nilikwenda Keko, kwa seremala mzee niliyeelekezwa, nikiwa na picha kwenye simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka mlango, au unataka picha ya mlango?"

Alinitoa nje, akanionyesha mbao. Mtiki aliokuwa nao ulikuwa mchanga, na kila ubao ulikuwa na mkanda mweupe pembeni. Akaniambia mtiki ni mbao nzuri, lakini sifa zake zote ziko kwenye kiini, ile sehemu ya kahawia. Weupe ule ndio mchwa wanaoanza nao. Mti uliokatwa ukiwa mdogo una weupe mwingi. Mtiki wa kwetu ni wa kupandwa, kama ule wa shamba la Longuza kule Muheza au Mtibwa, Morogoro, kwa hiyo umri wa mti ndio wa kuulizia. Mninga ni mti wa msitu wa asili, wa huko Tabora na Katavi, na sifa yake ni kutulia: ukishakauka haupindi ovyo kati ya kiangazi na masika. Mkongo ni mgumu zaidi na mzito, ndio mbambakofi wa watu wa Mombasa na Lamu. Nikachukua fremu ya mkongo na mlango wa mninga. Nilidai risiti na nikauliza kibali cha kusafirishia, maana mbao za misitu ya asili zisizo na karatasi zinaweza kukuletea wageni usiowaalika.

Kikubwa kuliko aina ya mti ni ukavu. Mzee hakukubali kuniharakishia. Mbao ikiwa mbichi inafanyiwa mlango leo, inajinyonga ukutani kwako baadaye, na hakuna bawaba itakayoirudisha. Nilisubiri wakati nyumba ilikuwa inapigwa plasta, kwa hiyo sikupoteza kitu. Ncha za chini za fremu, zinazogusa sakafu, zilipakwa lami. Mafundi wengi hupaka oili chafu ya magari, ila oili hiyo hupenya kwenye plasta na doa lake hutokeza kwenye kila rangi utakayopaka juu yake.

Upana nilipima kwa kiti cha magurudumu cha mama. Mlango wa chumba ukiambiwa ni sentimita 80, hiyo siyo nafasi ya kupita. Toa unene wa ubao wenyewe ukiwa umefunguka, na mkono wa anayesukuma kiti. Kwa chumba chake na choo chake niliacha uwazi wa mita moja, fremu ikala sentimita tano kila upande, nikabaki na mlango wa 90. Hapakuwekwa kizingiti cha chini. Mlango wa choo chake unafunguka nje, kwa sababu mtu akianguka ndani na mlango unafungukia ndani, mwili wake ndio utakaouzuia. Fundi alisema haionekani vizuri koridoni. Kweli haionekani vizuri.

Milango ya ndani mingine ni flashi ya kawaida, ile ya kufunikwa plaiwudi, ya bei nafuu, nikapaka rangi nikamaliza. Flashi sikuipeleka bafuni hata kidogo, plaiwudi ikilowa inaachana kama kitabu kilichonyeshewa. Bafuni ni alumini. Mlango wa nyuma ni wa chuma, sura yake mbaya, na una kazi moja. Jambo la kukumbushia mafundi wawili kwa wakati mmoja: fundi umeme aambiwe mlango unafungukia upande gani kabla hajachimba ukuta, swichi ikae upande wa kitasa. Nyumba ya dada yangu unaingia chumbani, unafunga mlango, ndipo unapapasa swichi nyuma yake gizani.

Hela haikutosha vyote kwa mkupuo. Nilitanguliza milango miwili ya nje, grili zote, na dari, maana mbu wa malaria hupenda kupitia ile nafasi ya kati ya ukuta na paa, na ukiweka nyavu madirishani ukaiacha ile umefanya nusu ya kazi. Kisha chumba cha mama, changu, na sebule. Vyumba viwili vya upande wa kusini tulihamia vikiwa na grili na wavu peke yake, nje nimepigilia mbao za mirunda nilizobakiza kwenye lenta. Kimoja kimepata kioo mwaka huu. Kingine fundi ameshakuja kupima, na amenionya kwamba profaili ya kahawia niliyotumia inaanza kuadimika, nikichelewa nitachanganya rangi. Nimempa malipo ya awali aiweke pembeni.