Ukucha Uliozama Nyamani: Wembe Uliniumiza, Plasta Ikaniponya

Kidole changu kiliharibiwa na wembe. Nalianza na hilo kwa sababu hadi leo mtu akilalamika kwamba ukucha wa kidole gumba cha mguu unamchoma pembeni, wa kwanza kumjibu humwambia, "Ichokoe hiyo pembe uitoe." Mimi niliambiwa hivyo na watu wanne, baraza moja, jioni moja, nikawasikiliza. Ilinigharimu karibu mwaka mzima.

Nafanya kazi ya uhudumu kwenye mkahawa wa hoteli huko Shela. Sisi watu wa Lamu tumekulia makubadhi na ndara, vidole vimezoea kujitanua mchangani. Kazini tunavaa viatu vyeusi vya kufunika. Nilinunua pea ya mtumba kwa mia saba au mia nane hivi, ncha imechongoka mbele, nikajiambia ngozi italegea nikivivaa. Haikulegea. Kutoka kwetu Langoni hadi Shela ni karibu kilomita tatu, na siku nisizokuwa na nauli ya boti huenda kwa miguu ufuoni, viatu mguuni, jasho ndani. Jasho likilainisha ngozi, kiatu huisukuma nyama ya pembeni ipande juu ya ukucha. Juu ya hayo, kila Ijumaa nilikuwa nakata kucha kwa kuzungusha pembe, mviringo kabisa, fupi kadiri kikata kucha kilivyoweza kufika. Ukucha ukikatwa hivyo, nyama hujaa pale pembe ilipokuwa, na ukucha unapokua hukuta njia imezibwa. Haya yote niliyajua baadaye.

Sasa jioni ya wembe. Niliketi barazani, mguu juu ya goti, wembe mpya, kikata kucha, na kibano cha dada yangu. Mdogo wangu akanimulikia kwa simu. Mmoja akashauri nikate kipande cha pembe tatu katikati ya ukucha, eti pembe zitavutwa katikati na kuacha kuuma. Hilo nalo nililifanya! Ukucha unaouona hauna uhai. Unasukumwa kutoka shinani, kule chini ya ngozi, na pengo la mbele halivuti chochote. Kisha nikaingiza ncha ya wembe pembeni, nikakata kwa kushuka, nikibana meno, hadi kipande nusu ya punje ya mchele kikatoka pamoja na damu. Mara ile ile maumivu yakapungua. Nililala usingizi mzito, na kwa siku kumi hivi nilitembea kama mtu aliyeshushiwa mzigo.

Siku hizo kumi ndizo zinazowadanganya watu wakauamini wembe. Nilipokuwa nikikata, mkono haukufika mwisho wa ukingo. Ndani, nisipopaona, nilibakiza kijimwiba cha ukucha kirefu na chembamba. Ukucha ulipoendelea kukua kutoka nyuma, kijimwiba kile kilienda mbele kama sindano ya kushonea tanga, moja kwa moja nyamani. Wiki ya tatu kidole kilivimba na kuwa chekundu, kikaanza kupwita usiku. Pembeni pakaota kinyama laini, chekundu kama komamanga, kinachotoka damu hata shuka ikikigusa.

Hapo ushauri ukamiminika. Dawa ya meno. Unga wa betri, na huu ni sumu, usiuweke kwenye kidonda hata aseme nani. Mzee mmoja ninayemheshimu sana akaniambia, "Nenda ukasimame baharini, chumvi itakausha." Nikaenda kusimama pale karibu na gati, alfajiri tatu mfululizo. Maji ya pale yanapokea mifereji ya mji na kinyesi cha punda waliofungwa ufuoni. Siku ya nne usaha ukatoka.

Na punda ndiye aliyenipeleka kwa daktari. Nilikuwa nikipita kichochoro nyuma ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, mwenye punda akapaza sauti tumpishe, nikajibanza ukutani kama tunavyofanya sote. Punda alikuwa amebeba mifuko ya saruji. Ukwato wa mbele ukatua juu ya kidole kile kile. Nilikaa chini pale pale kwenye jiwe la mlango wa watu, sikuweza hata kutoa sauti.

Bibi yangu aliponiona nikiingia nyumbani nikichechemea akasema, "Ndoo nikutizame," yaani njoo. Akaniangalia kidole, akaninyamazia kidogo. "Mimi mwenye sukari daktari amenikataza hata kujikata kucha mwenyewe, na wewe umzima wajipasua kwa wembe?" Maneno yake yalinichoma kuliko ukwato. Na ni kweli tupu: mwenye kisukari, au mwenye miguu yenye ganzi au damu isiyofika vizuri, asijaribu lolote nyumbani, hata haya nitakayoeleza. Kidonda kidogo kwake chaweza kumpotezea mguu.

Kwa daktari hapakuwa na la kuogopa ila sindano. Alinidunga ganzi shinani mwa kidole, upande huu na upande huu, na hizo mbili zinauma kweli. Baada ya hapo sikuhisi kitu. Akakata kidole cha glavu akakivingirisha kama pete kuzuia damu, akakata ukanda mwembamba wa ukucha upande mmoja tu kutoka mbele hadi shinani, akauvuta. Nusu saa haikufika. Kisha akaniwekea ule ukanda juu ya shashi: "Tizama, kaka. Hiki hapa." Kijimwiba changu, karibu urefu wa punje ya mchele, kimechongoka. Nilikitazama kwa hasira zote za miezi ile. Nililipa elfu tatu na ushee, pamoja na vidonge vya kuua bakteria kwa ajili ya usaha, sikumbuki sawasawa. Alinieleza kwamba tatizo likirudi ipo dawa ya kuunguza shina upande huo ili ukanda ule usiote tena maisha, ila kwa mara ya kwanza tuuache uote, nami niulinde.

Kuulinda ndiko ninakojivunia. Ukucha wa kidole gumba cha mguu hukua kama milimita moja na nusu tu kwa mwezi, kwa hivyo mpya huchukua mwaka na zaidi kukamilika. Mwezi wa saba hivi tangu ukanda ule ukatwe, pembe mpya ilifika pale nyama ilipo, na mchomo ule ule ukaanza. Safari hii sikugusa wembe. Kila jioni baada ya Isha nililoweka mguu robo saa kwenye besheni ya maji vuguvugu, lita moja kwa kijiko cha chumvi ya jikoni. Nikausha vizuri, hata katikati ya vidole. Halafu nachukua pamba kidogo mno, naisokota kama utambi wa kibatari hadi iwe nyembamba kama uzi mnene, naitia chini ya pembe ya ukucha kwa kuitelezesha kutoka mbele, ili pembe iinuke ipande juu ya nyama. Pamba hubadilishwa kila siku. Ukiiacha inanuka na kuleta usaha upya.

Kisha plasta, nayo ndiyo kiini cha yote. Kata ukanda wa plasta ya kitambaa, ile ya roli, upana wa kama sentimita moja na nusu na urefu wa kidole. Ncha moja ibandike kwenye nyama pembeni kabisa mwa ukucha, bila kuugusa ukucha wenyewe. Halafu vuta kwenda chini, ipite chini ya kidole kwa mshazari, imalizikie juu upande wa pili, nyuma ya ukucha. Ukivuta sawasawa utaona kwa macho nyama ikiachana na ukucha, na kijia chembamba kikifunguka kati yao. Usiizungushe ikafunga kidole kizima, damu itazuiwa. Kwa joto letu la kaskazi plasta haidumu saa mbili, ikanishinda wiki nzima, mpaka nilipoanza kufuta ngozi kwa spiriti na kuisubiri ikauke kabisa ndipo nibandike. Tangu hapo ilikaa hadi zamu inaisha.

Viatu vile nilivitupa. Nilichora wayo wangu jioni, mguu ukiwa umejaa, kwenye karatasi ngumu ya boksi, nikaukata, nikauchukua dukani. Kiatu kilichokunja karatasi ile sikukijaribu hata mguuni.

Mwezi wa kumi na moja pembe ilitoka nje, juu ya nyama, naiona. Nilikata mstari ulionyooka, nikalainisha ncha kwa tupa tu.

Juzi mpwa wangu amerudi kutoka uwanjani, njumu zimembana, kidole chekundu pembeni. Nikamketisha barazani, nikaleta besheni. Mmoja wa wale wanne akaanza habari ya wembe. Nikamwambia, "Ami, kwa heshima zako zote, huyu niachie mimi." Leo ni siku ya tatu, na plasta haijabanduka.